Mkono wa Njaa

Chini ya kilima cha Naguru, Kampala, kuna fundi wa pikipiki ambaye, kabla hujapanda pikipiki mbele yake, atakuuliza swali moja: "Wewe unakula na mkono gani?" Watu hucheka. Kuna bwana mmoja wa suti na tai aliyekasirika kabisa, akauliza kama amekuja kujifunza pikipiki au amekuja kuposa. Fundi hacheki. Anasimama na spana yake, anangoja jibu. Swali hilo chanzo chake ni mimi, na kabla halijaulizwa mara ya kwanza mtu alivunjika mguu, kwa hiyo wacha nilieleze mwenyewe. Wengine wakilieleza wanaongeza chumvi.

Mimi ni mwanamke Mkenya wa upande wa magharibi, mtu wa kanisa na mtu wa hasira, na vyote viwili nimevitoa kwa mama. Nilivuka Busia na begi moja miaka ile baada ya vita, Kampala ilipoanza kufungua maduka yake tena. Nikapata kazi ya kaunta katika duka la dawa za mifugo. Mwenye duka alikuwa Mkenya mwenzangu, mzee asiyepoteza maneno. Kutwa nilisimama nikipima dawa ya minyoo na kusikiliza watu wakinieleza jinsi ndama wao anavyohara. Jamani, nilichoka. Nilichoka mpaka kwenye kucha.

Kisha bosi akanunua pikipiki kuukuu. Chanjo ya kuku haitaki joto, na ukiipeleka kwa gari la abiria, ukangoja lijae huku jua linakupiga, utafika kwa mteja umebeba maji tu. Alitaka mtu wa kuizungusha ndani ya sanduku la barafu, kwa wafugaji wa Kalerwe mpaka wale wa Ggaba kule ziwani. Nikasema, mimi hapa. Akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Wewe?"

"Kwani nina miguu mitatu?"

Mpaka leo sijui kwa nini hakunifukuza. Aliweka masharti mawili. La kwanza, niwe na leseni kabla masika hayajaisha. La pili alilisema polepole, kidole mezani: "Ukigonga mtu kwa kosa lako, ufunguo unarudi hapa na wewe unarudi kaunta. Na usije kuniomba tena."

Akanielekeza kwa Afande.

Jina lake silitaji, na hata wakati ule hakuna aliyelitaja. Wote walimwita Afande, wakubwa kwa wadogo, ingawa alikuwa ameshatoka polisi. Alikuwa mtu wa kaskazini, wa West Nile, Mwislamu mwenye ndevu chache nyeupe na mgongo ulionyooka. Ujanani aliendesha pikipiki mbele ya magari ya wakubwa, kwa glavu nyeupe. Sasa alikuwa na baraza moja ya bati chini ya nyumba za polisi, sanduku la spana, na foleni ya vijana wa bodaboda waliokuja kufungiwa breki. Mjini kulikuwa na mafundi wengi, lakini breki ilikuwa ya Afande. Hapo hakukuwa na ubishi.

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kisichojua ngeli hata ya dawa. Mimi nikajifanya mwalimu, siku ya kwanza tu nikamsahihisha.

"Afande, si pikipiki yangu iko na kiti kirefu. Ni pikipiki yangu ina kiti kirefu."

Akaniangalia kwa huruma. "Kiswahili yako iko na kona mingi, Mkenya. Utachelewa kufika."

Vijana wa boda walicheka mpaka wakashika matumbo. Nilinuna saa nzima. Yeye akaendelea na kazi yake kana kwamba sijanuna.

Nami nilikuwa sijaona kazi ya namna ile. Niliwazia fundi anakaza hiki na kulegeza kile, basi. Afande alisema pikipiki kwanza inapimwa kwa mtu, kama fundi cherehani anavyopima kanzu. Alinifunga macho kwa kitambaa, akanikalisha kwenye kiti, akasema ninyooshe mikono bila kufikiri, kama mtu anayemshika ng'ombe pembe. Pale vidole vyangu vilipoangukia, ndipo alipoleta mkono wa breki na mkono wa klachi, akaikaza hapo hapo. Kiti alikipunguza sponji mpaka nyayo zangu zikalala chini zote mbili. Kanyagio la breki ya nyuma akalishusha kidogo, maana mguu wangu ulikuwa unaning'inia juu yake na kuchoka. Vioo akavigeuza huku ananiuliza naona nini.

"Naona bega langu, Afande."

"Bega yako haina namba ya gari. Haitakugonga. Angalia nyuma."

Mnyororo alinifundisha kuupima kwa vidole: ukiusukuma juu katikati yake, ucheze upana wa vidole viwili, usizidi wala usipungue. Tairi nilibonyeza kila asubuhi. Waya ya breki ya mbele aliiacha ilegee kidogo sana, ili mkono utembee nafasi ya sarafu kabla haujaanza kushika. "Ikishika haraka, itakutupa," alisema. "Ikishika chelewa, utanitafuta mbinguni."

Alipomaliza kufunga breki, alikuwa na desturi moja. Hakuijaribu kwa kuzungusha gurudumu hewani kama wengine. Alimwambia mwenye pikipiki aende juu ya kilima, ateremke, na yeye Afande alisimama katikati ya barabara kule chini, mikono nyuma. "Breki nimefunga mimi. Kama iko mbaya, igonge mimi." Nilimwona akisimama hivyo mbele ya vijana wa boda kumi, ishirini. Pikipiki zilisimama mbele ya magoti yake, na yeye hakupepesa jicho. Hiyo ndiyo ilikuwa stempu yake.

Sasa niseme langu, lile nililolificha.

Mimi ni mashoto. Nilizaliwa hivyo. Nyumbani kwetu bibi yangu alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa wakati wa chakula, akaupaka pilipili, akaniombea. Shuleni walimu wakanichapa mpaka nikajua kuandika kwa kulia. Kuandika nilijua. Kula sikujua. Ugali ukiwa mkononi mwangu wa kulia unamomonyoka, unaanguka mapajani, naonekana mlevi. Kwa hiyo nilipokuwa mtu mzima, mbele ya watu nilikula kwa kijiko, na nyumbani Kalerwe, kwenye chumba changu kimoja nyuma ya soko, nilishusha pazia nikala kwa mkono wangu wa kweli. Usinicheke. Aliyewahi kutazamwa na meza nzima kana kwamba ametema mate kwenye sahani ndiye anayejua.

Na nyumbani kwa Afande walikula sinia moja. Mke wake, mama mnene mwenye sauti ya kengele, kila siku saa saba mchana alileta ugali wa muhogo na samaki wa kukaushwa, waliopikwa kwa ufuta. Harufu yake, haki ya Mungu, ingemtoa mtu kwenye swala. Walinikaribisha kila siku, na kila siku nikasema nina vidonda vya tumbo. Uongo mtupu. Nilikunywa chai kwa mkono wa kulia, nikashukuru, nikaondoka na njaa. Yule mama akasikitika, akawa ananipikia uji mwepesi wa kutibu vidonda, na mimi nikawa naunywa. Uji usio na sukari. Hayo ndiyo malipo ya uongo.

Wiki mbili za kwanza nilifundishwa uwanjani, pahali tambarare, kwa breki ya mguu tu. Klachi mkono wa kushoto, mafuta mkono wa kulia, gia mguu wa kushoto. Nilishika upesi, na Afande akakubali kwa kunyamaza. Wiki ya tatu akanipeleka kilimani.

"Leo breki ya mbele," alisema. "Ndiyo breki yenyewe. Ile ya mguu ni msaidizi. Breki ya mbele iko mkono ya kula. Unafinya porepore, pamoja na mguu, macho mbele. Hufinyi kama unakamua nguo."

"Mkono wa kula," nikasema.

"Mkono ya kula."

Nilijua anasema mkono wa kulia. Nawaapia, nilijua. Si mjinga. Niliuona mkono wa breki pale upande wa kulia, nikaugusa, nikaufinya mara tano nikiwa nimesimama. Kichwa changu hakikuwa na shida yoyote.

Nikapanda juu. Yeye akasimama chini katikati ya barabara, mikono nyuma, kama alivyosimama mbele ya wote. Nikateremka. Murram, ile changarawe nyekundu ya barabarani, ilikuwa kavu, upepo ulinipiga usoni ndani ya helmeti, nikajisikia mtu. Nikafika pale aliponiambia nianze kufinya, nikachelewa kidogo, kwa raha tu. Pikipiki ikaongeza mbio. Afande akainua mkono akapaza sauti:

"Mkono ya kula! Mkono ya kula!"

Mkono ulioitwa ndio ulioitika. Mkono wangu wa kula, wa kushoto, ule uliofungwa kitambaa na kupakwa pilipili, ulisikia unaitwa kwa mara ya kwanza maishani mwake na ukafinya kwa nguvu zake zote. Ukafinya klachi. Injini ikaachia gurudumu, pikipiki ikawa kitu cha kuteremka tu. Mguu nikausahau. Nikaona ndevu zake. Nikaona jicho lake ambalo halikupepesa, kwa sababu alikuwa anaiamini breki yake.

Aliruka mwishoni kabisa. Pikipiki ikampata mguu wa kushoto chini ya goti, mimi nikaenda mtaroni.

Nilipoinuka, nilikuwa na michubuko tu. Yeye alikuwa amekaa barabarani, ameshika mguu, uso umekuwa wa majivu. Hakulia. Hakunitukana. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Waya imekatika?"

"Sijui, Afande."

"Ulifinya?"

"Nilifinya."

"Na mkono ya kula?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Watu walikuwa wameanza kukusanyika, vijana wa boda wanakimbia kuja, mama anatoka na kanga mkononi. Niliona meza ya bosi na kile kidole chake. Nikasema, "Ndiyo, Afande. Mkono wa kula."

Kila neno lilikuwa kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Alifungwa plasta wiki sita. Mfupa ulikuwa umevunjika pahali pamoja, si vibaya, daktari alisema atatembea. Nilikwenda kila Jumapili baada ya kanisa na samaki wabichi kutoka Ggaba. Nikifika namkuta ameketi barazani, mguu juu ya kigoda, na mbele yake ile breki ya pikipiki ya bosi imefumuliwa yote juu ya gunia. Waya, springi, viatu vya breki, vyote vimepangwa kwa mstari. Anakiinua kimoja, anakigeuza kwenye mwanga, anakirudisha. Wiki iliyofuata namkuta ameibadilisha waya nzima, na bado anatafuta.

"Sioni," aliniambia. "Macho yangu inazeeka, ama mkono. Kitu iko hapa na mimi sioni."

"Labda ni bahati mbaya tu, Afande."

"Breki haina bahati."

Nikatazama pembeni.

Jambo lililonichoma zaidi alilifanya bila kuniambia. Alipanda gari la abiria na magongo yake mawili mpaka dukani, akasimama mbele ya bosi wangu, akasema, "Binti hana makosa. Breki nilifunga mimi, ikakataa." Bosi alinieleza jioni, kwa heshima ambayo hajawahi kunionyesha. "Yule mzee ni mwanamume," alisema. "Kwa hiyo masharti hujayavunja. Endelea." Nilikwenda stoo nikakaa juu ya magunia ya chakula cha kuku. Nilijichukia, sina neno jingine. Halafu nikainuka nikaendelea, maana nilitaka ile pikipiki, na hilo nalo ni kweli.

Plasta ilipotolewa akawa anatembea na fimbo. Alinifundisha tena, akiwa ameketi kwenye kigoda pembeni. Kilimani hakusimama tena. Na sasa mkono wangu wa kulia nilikuwa nimeufundisha mwenyewe, chumbani, usiku na mchana, nikifinya mpini wa mwiko mpaka kiganja kinakufa ganzi. Nikawa nasimama vizuri. Kila niliposimama vizuri yeye alitikisa kichwa, maana hakuelewa breki imepona na nini.

Siku moja nilimkuta mke wake peke yake, anafua. Aliacha nguo kwenye beseni, akajifuta mikono.

"Mwanangu, mzee amekataa kazi."

"Kazi gani, mama?"

"Ya breki. Vijana wanakuja, anasema apana, nenda kwa fundi mwingine. Anaziba pancha, anabadilisha mafuta, basi. Sanduku ya spana ameweka chini ya kitanda. Amesema mkono yake ilitaka kuua mtoto ya watu." Akanitazama. "Mtoto ya watu ni wewe."

Ala! Nilisimama pale na mfuko wangu wa samaki. Nilitaka kusema. Mdomo nikaufungua kabisa. Nikasema, "Pole, mama." Nikaenda nyumbani, nikashusha pazia langu, na chakula hakikupita.

Mtihani ulikuwa Ijumaa asubuhi. Nilizunguka madumu, nikapanda, nikateremka, nikasimama kwenye mstari, gurudumu la mbele juu ya chokaa. Askari aliyenipima akaniuliza breki ya mbele iko mkono gani, nikajibu kulia, bila kona. Nikapita. Afande alikuwa nje ya ua na fimbo yake, kanzu nyeupe tayari kwa msikiti. Nilipomwonyesha ile karatasi alicheka kwa mara ya kwanza tangu nivunje mguu wake. Nami nasema nivunje, maana ni mimi.

"Leo unakula," alisema. "Nikitoka kuswali. Vidonda au hakuna vidonda. Mama amechinja kuku."

Nilingoja pale barazani huku mama anapika. Ningeweza kuondoka. Leseni ilikuwa mfukoni, bosi ameridhika, masika hayajaisha. Hakuna mtu duniani aliyejua ila mimi. Nilitazama ukuta ambapo zamani sanduku la spana lilikaa. Sakafu hapo ilikuwa na mraba safi, usio na grisi.

Alirudi, tukaketi mkekani watu watatu. Mama akaleta maji, tukanawa. Sinia ikawekwa: ugali wa muhogo, kuku, mchuzi wa ufuta. Afande akasema bismillahi. Mimi nikaomba kimya kimya, na sikuombea chakula.

Kisha nikanyoosha mkono wangu wa kushoto, nikaumega ugali, nikaufinyanga, nikachovya, nikala.

"We!" mama alisema. "Mkono hiyo! Bambi, maskini, umesahau?"

Nikamega tena. Mkono ule ule. Ulifinyanga tonge vizuri, duara, bila kumwaga hata punje. Machozi yalikuwa yananitoka na bado nilikuwa natafuna. Mama alikuwa ameondoa mkono wake siniani. Afande alikuwa ameshika tonge lake hewani, anautazama mkono wangu kama alivyotazama ile waya juu ya gunia.

"Unakula na hiyo?" akauliza, taratibu.

"Tangu nizaliwe, Afande."

"Kila siku?"

"Kila siku. Huu ndio mkono wangu wa kula."

Tonge akalirudisha. Nilimwona akiniteremsha kile kilima tena, kichwani mwake, hatua moja moja. Akanitazama mkono wa kushoto, akatazama nje pikipiki ilipoegeshwa, upande wa klachi.

"Kumbe ulifinya klachi."

"Nilifinya klachi. Uliniuliza nikakujibu nikijua. Niliogopa bosi. Niliona aibu. Nisamehe, Afande, na usiponisamehe ni haki yako."

Mama alianza kusema kitu, na kwa sauti yake najua kisingekuwa kitu kizuri, lakini mzee akainua kidole kumzuia.

"Kwa hiyo breki yangu ilikuwa mzima," akasema.

"Ilikuwa nzima."

"Mzima kabisa."

"Kabisa, Afande. Haikuwa na kosa hata siku moja."

Akafunika uso kwa mkono, na mabega yake yakatikisika. Nilidhani analia. Labda alilia. Alipoutoa mkono macho yalikuwa mekundu na kulikuwa na hasira ndani yake, ya haki. "Miezi mbili," alisema. "Miezi mbili mimi nafungua ile kitu." Nikainamisha kichwa.

Bosi nilimwambia mwenyewe Jumatatu, na ufunguo ukarudi mezani kama alivyosema. Nilikaa kaunta miezi minne, nikisikiliza ndama wakihara, mpaka Afande alipokwenda tena dukani na fimbo yake kuniombea. Hayo ni ya baadaye. Ijumaa ile alimalizia jambo moja tu.

Alinawa, akamwambia mkewe, "Toa sanduku." Mama akalivuta kutoka chini ya kitanda. Afande akachukua spana moja ndogo, akachechemea mpaka kwenye pikipiki, akapima mkono wa breki ya mbele kwa kidole, akaulegeza robo, akaukaza nusu. Vijana wa boda waliokuwa kwenye steji yao ya kungojea abiria ng'ambo ya pili walianza kusimama mmoja mmoja, wakitazama.

"Panda juu," akaniambia.

"Afande, tafadhali."

"Panda juu."

Nikapanda juu. Nilipogeuza pikipiki nilimwona anateremka kilima pembeni, fimbo yake ikigonga murram, kanzu nyeupe. Alikwenda mpaka pale pale. Akasimama katikati ya barabara. Fimbo akaiweka nyuma, na mikono yote miwili nyuma.

Nikaachia. Pikipiki ikashuka, upepo ukaingia helmetini, naye alikuwa anakuwa mkubwa, mkubwa, na hapepesi. Nikafika mahali pa kufinya.

"Mkono ya njaa!" alipaza sauti. "Mkenya! Mkono ya njaa!"

Na mkono wangu wa kulia, ule ambao haujawahi kula kitu, ukaitika. Ukafinya porepore, pamoja na mguu, macho mbele. Pikipiki ikainamisha pua, ikasimama. Kati ya tairi na mguu wake ule uliovunjika ungeweza kupitisha sahani.

Afande aliangalia tairi. Akaangalia waya. Akainama kwa shida, akagusa mkono wa breki kwa kidole kimoja.

"Mzima," akasema, akageuka kuwaita vijana walete pikipiki zao.